Tuliposhuka Bujumbura kumtafutia kijana wetu kiredio cha nyimbo

Mwezi uliopita wengi walituuliza, "Mlikuwa wapi ile siku tatu, mlango umefungwa?" Wengine walisikia nyimbo nyumbani kwetu jioni wakasema, "Hee, wale wamepata pesa!" Leo tunawajibu wote mara moja. Pesa hatukupata. Tuliuza kuku wanne, tukaomba kibali cha kutoka hapa Bwagiriza, tukashuka Bujumbura kumtafutia kijana wetu kidude cha kusikilizia nyimbo. Tumeona tuandike safari hiyo kwa sababu ilibaki kidogo tupoteze kitu ambacho hakiuzwi katika soko lolote, na hatupendi mzazi mwingine apatwe na hayo.

Sisi tunaoandika ni mume na mke. Kijana ni mtoto wa dada yetu mkubwa, ana miaka 15. Dada alifariki Uvira kwa ugonjwa, na sisi tukakimbia na watoto wake wawili: huyu kijana na mdogo wake wa kike, ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Katika vitu vichache tulivyobeba kulikuwa na simu ya marehemu, ile ya vibonyezo. Simu yenyewe ilikufa zamani. Ilibaki kadi memori tu, ndogo kama ukucha. Kijana aliifunga kwa nailoni akaiweka pamoja na karatasi zetu za ukimbizi. Ndani ya kadi ile kulikuwa na nyimbo za wanamuziki mbalimbali, pia sauti za kwaya ya mtaa wetu wa Mulongwe, ambamo dada alikuwa anaimbisha. Tangu simu ife hakuna aliyezisikia tena.

Mwaka huu kijana alifanya vizuri shuleni. Tulikuwa tumemwahidi zawadi, na ahadi ni deni. Tulidhani ataomba viatu au mpira. Yeye akasema, "Mama mdogo, mimi nataka kitu cha kupiga hii kadi." Basi.

Tusiwadanganye, usiku ule tulibishana. Mmoja wetu alisema, nyumba haina sabuni, msaada wa chakula si kama wa zamani, leo tununue muziki? Mwingine akasema, huyu mtoto ameacha kwenda kwaya, haongei na wenzake, akitoka shule analala. Viatu vitaisha baada ya miezi sita, lakini moyo wake nani atautengeneza? Hatukumaliza maneno usiku ule. Asubuhi tukahesabu kuku.

SAFARI

Kutoka kambini tulifika Ruyigi mjini, tukapanda Probox hadi Gitega. Gitega ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, lakini kwa biashara watu bado wanaangalia Bujumbura. Hapo tukabadili gari, tukapita Muramvya mpaka Bugarama. Wanaoijua njia ile wanajua baridi ya Bugarama: ukungu, kabichi, karoti na viazi vimepangwa kando ya barabara, akina mama wanakimbilia madirisha ya gari. Pale mtu yuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Bujumbura iko chini kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kwenye mita 770 na kitu. Kwa hiyo kutoka Bugarama gari linateremka tu, kona juu ya kona, masikio yanaziba, na vijana wa baisikeli wanashuka na mikungu ya ndizi kama vile hawakuzaliwa na mama. Mmoja wetu alifumba macho mpaka aliposikia joto. Ukiona unavua sweta, ujue umefika Buja.

Mji huu zamani uliitwa Usumbura. Jina lilibadilika wakati wa uhuru, 1962. Katikati ya mji kuna barabara kubwa ya Prince Louis Rwagasore, yule mwana wa mfalme aliyepigania uhuru akauawa Oktoba 1961 kabla hajauona. Jirani kuna mahali lilipokuwa soko kuu. Soko lile liliungua Jumapili tarehe 27 Januari 2013, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali zao zote asubuhi moja. Wakasambaa: wengine Siyoni, wengine Ruvumera, wengine Jabe, wengine ndani ya zile galeri za maduka madogo madogo. Kwa hiyo mgeni akiuliza "soko liko wapi?" atajibiwa, "Lipi?"

Jambo jingine la kujua: Machi 2022 baisikeli, pikipiki na tukutuku zilikatazwa katikati ya mji. Sisi hatukuwa na habari, tukasimama na mizigo tukisubiri motari kama wajinga, mpaka mama mmoja muuza maembe akacheka: "Wazee, hapa ni miguu." Tukaenda kwa miguu.

TULICHOKIONA MADUKANI

Katika galeri tulizunguka maduka mengi kabla ya kufungua mkoba. Tuliona aina tatu, na tunaziandika hapa ili zimsaidie mtu.

Aina ya kwanza ni kile kidude kidogo cha kubana kwenye shati. Kinapendeza, ni chepesi, lakini hakina spika. Ni cha ekuteri tu, vile vya kutia masikioni. Betri yake imefungiwa ndani. Ikichoka, kidude chote kimekufa, kwa sababu hapa kwetu nani atakifungua?

Aina ya pili ni kiredio cha mkononi. Kina spika, kinashika stesheni za FM, kina tundu la kadi memori, tundu la flashi, na tundu la ekuteri. Sura yake si ya kujivunia. Lakini muuzaji alipofungua mgongo wake tuliona betri ya BL-5C, ile ile ya simu nyingi za zamani za Nokia. Betri hiyo hata hapa kambini utaipata. Na kinachajiwa kwa waya ambao unaingia kwenye taa zetu za jua, zile zenye tundu la USB.

Aina ya tatu ni simu ya kugusa kioo. Kijana yeyote angeipenda hiyo. Hatusemi simu ni mbaya. Siku moja atakuwa nayo. Ila simu inakula unite kila wiki, inaita wezi, na usiku mzazi hajui mtoto anaongea na nani. Tukasema, kwa miaka 15, bado kidogo.

Muuzaji mmoja mtu mzima alitukumbusha mbali. Alisema yeye alianza biashara na kaseti, wakati Walkman ya Sony ndiyo ilikuwa sifa ya kijana. Walkman ilitoka Japani 1979, ikiwa na kaseti moja ya nyimbo kumi na kitu. Halafu 2001 Wamarekani wa Apple wakaleta iPod wakasema inabeba nyimbo 1,000 mfukoni, dunia ikashangaa. Hata hiyo waliacha kuitengeneza 2022, kwa kuwa watu walihamia kwenye simu. "Sasa angalia," akasema, "hii kadi ya GB 4 ni kama ukucha, inabeba nyimbo kama 1,000 vilevile." Hesabu ni rahisi: wimbo mmoja wa kawaida wa dakika nne unachukua kama MB 4. GB 4, nyimbo elfu moja. GB 8, elfu mbili. Mtoto wa kambini afanye nini na kadi ya GB 64? Tena hivi viredio vya bei ndogo mara nyingi havisomi kadi iliyopita GB 32.

Tukawa tumeshaamua aina ya pili. Hapo ndipo shida ilipotukuta.

KIDOLE KIMOJA TU

Tuliingia duka moja, jina tunaliacha. Kijana wa duka alikuwa na heshima, hatumlaumu. Tukampa kadi yetu ajaribu. Akaitia kwenye kiredio: kimya. Akajaribu tena: kinapiga wimbo mmoja, kinakwama. Akasema, "Ngoja Papa, tuone kwenye simu." Akaitia kwenye simu yake ya kugusa. Simu ikaandika maneno kwamba kadi ina hitilafu, bonyeza hapa itengenezwe. Yeye akasema, "Aa, ni kitu kidogo, naiformati tu, itakuwa mpya kabisa."

Mpya kabisa! Mmoja wetu, tuseme tu mama wa nyumba, alimshika mkono kabla kidole hakijagusa kioo. Alimshika kwa nguvu mpaka watu wa duka la pili wakachungulia. "Mwanangu, usiguse. Humo ndani mna dada yangu."

Yule kijana aliogopa, akaitoa kadi polepole, akatupa kwa mikono miwili. Akasema, "Nisamehe Mama, sikujua." Kweli hakujua. Na sisi pia hatukujua kwamba kuformati ni kufuta. Tulidhani ni kutengeneza, kama mtu anavyotengeneza baisikeli. Wazazi wangapi wanalijua neno hilo? Tulikaa nje kwenye ngazi, tukanywa maji, hatukusemeshana kwa muda. Kama tungempa kadi na kwenda kutafuta chai, habari ingeishia hapo.

Ni yule yule kijana aliyetufuata nje akatuambia, "Nendeni Buyenzi. Kule kuna mafundi wa kompyuta. Waambieni wanakili kwanza kabla ya lolote."

BUYENZI

Kama hujafika Buyenzi, hujakaa Bujumbura ukajisikia uko nyumbani. Unapita Bwiza, unaingia mtaa wa barabara zilizohesabiwa namba, na ghafla Kiswahili kiko kila mahali: kwa fundi magari, kwa muuza sambusa, kwa watoto wanaocheza mpira wa matambara. Ni mtaa wa zamani wa Waswahili tangu wakati wa ukoloni, wenye asili za Ujiji, za Manyema, za pande zote za ziwa. Adhana inaita, nyundo za mafundi zinagonga, redio zinalia. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi. Walitusalimu tu, tukajibu, wakaendelea na kazi.

Fundi tuliyempata alikuwa na kibanda cha mita mbili, kompyuta moja ya zamani na feni. Tulimweleza kila kitu. Hakuitia kadi kwenye simu wala kwenye redio. Aliitia kwenye kisomeo cha kompyuta, akasema, "Kwanza tunanakili. Kadi hii ni mgonjwa mzee, tusimchoshe." Ilichukua karibu saa nzima. Sisi tulikuwa tunaangalia ule mstari kwenye kioo kama watu wanaosubiri mlangoni mwa hospitali.

Halafu akatuonyesha. Nyimbo za kawaida nyingi zilitoka salama. Sauti za kwaya zilikuwa tisa. Saba nzima, moja imekatika katikati, moja haikufunguka kabisa. Akatueleza pia kwa nini kiredio kilikuwa kinanyamaza. Kadi ilikuwa imechoka, hiyo ni moja. Ya pili, sauti za kwaya zilirekodiwa na simu ya zamani, na simu zile hazirekodi MP3. Zinarekodi kwa namna nyingine inayoitwa AMR. Kiredio cha bei ndogo hakiielewi AMR, kinairuka tu. Dawa yake ni kuigeuza iwe MP3 kwa kompyuta. Kazi ya dakika chache kwa anayejua.

Alipogeuza ya kwanza akabonyeza tusikilize. Mwanzoni ni kelele, mtu anakohoa, benchi linavutwa. Kisha dada akaanzisha wimbo, peke yake, na wengine wakamwitikia.

Hatutaandika mengi hapo. Fundi alivuta pazia la mlango, akazima feni ili tusikie vizuri, akatoka nje mpaka wimbo ulipokwisha. Aliporudi alisema, "Pole Mama. Sasa tunatia sehemu mbili, siyo moja."

Akatuuzia kadi mpya ya GB 8, na kabla hatujalipa akaijaza mpaka mwisho, akapiga wimbo wa mwisho kabisa. Ni kwa sababu kuna kadi zinazoandikwa GB 32 juu lakini ndani hazifiki hata GB 4. Nyimbo za mwisho zinapotea. Yetu ilipiga vizuri. Kisha akaweka sauti za kwaya ndani yake na kwenye flashi ndogo. Flashi ile imebaki kwa shemeji yetu Kinama, katika sanduku lake. Nyumba moja ikiungua, ya pili ipo. Sisi wakimbizi tunalijua hilo kuliko watu wote.

Nafasi iliyobaki tulimjazia kijana nyimbo. Tulimwekea Kidum, mzaliwa wa Bujumbura, ambaye vita vya miaka ya 1990 vilimpeleka Kenya, na huko huko akajulikana kwa nyimbo zake za Kiswahili na Kirundi. Tukamwekea Khadja Nin, naye ni mzaliwa wa huku aliyeimba Kiswahili mpaka Ulaya wakacheza. Tukaweka za Kongo, bila hizo angetushitaki. Fundi akaongeza ngoma za Burundi, zile ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kiredio tulinunua palepale Buyenzi, na ekuteri, na betri ya akiba. Bei yote ilikula kuku watatu na nusu. Nusu ya kuku iliyobaki tulikula ndagala.

ZIWA

Jioni, kabla ya kwenda kulala kwa shemeji, tuliteremka hadi ziwani. Miaka ya karibuni maji yale yaliwatesa watu; mwaka 2024 yalipanda sana mpaka yakaingia nyumba za Kibenga na za Gatumba, watu wakahama. Siku ile yalikuwa yametulia. Ng'ambo, milima ya Uvira inaonekana yote. Si mbali, kwa barabara ya Gatumba ni safari fupi kuliko ile ya Bugarama. Tulisimama tukatafuta kwa macho Mulongwe iko upande gani. Mmoja akasema pale, mwingine akasema hapana, kushoto kidogo. Mpaka giza likaingia hatukuwa tumekubaliana.

NYUMBANI

Tulirudi Bwagiriza siku ya tatu. Kijana alikuwa ameteka maji, amepika, nyumba imefagiwa, ishara kwamba alikuwa na wasiwasi. Tulimpa boksi. Hakusema kitu. Alitia ekuteri masikioni, akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko mpaka ugali ukapoa. Hatukumwita.

Aliporudi alichomoa ekuteri, akaweka sauti ya spika, akaketi karibu na mdogo wake. Yule mdogo alisikiliza, akauliza, "Nani huyo anaimba?" Kaka yake akamjibu, "Ni mama." Akasikiliza tena. Akasema, "Mama alikuwa na sauti kubwa." Ndiyo, alikuwa na sauti kubwa. Mtoto yule hakuwa na kumbukumbu yoyote ya mama yake, hata ya sauti. Sasa anayo, na kila jioni anaidai.

Kijana hajarudi kuwa yule wa zamani kwa siku moja, tusidanganyane. Lakini Jumapili iliyopita alikwenda mazoezi ya kwaya, kusikiliza tu, alisema. Tukamwambia, sawa, sikiliza tu.

KWA WAZAZI WENZETU

Mambo tuliyojifunza ni haya machache:

1. Kama una kadi au simu ya zamani yenye sauti au picha za watu wako, inakili sasa, wakati bado inasoma. Kadi huchoka. Nakala ziwe mbili, sehemu mbili tofauti.

2. Mtu akisema "naiformati", mwambie hapana mpaka vitu vyote vimenakiliwa. Kuformati ni kufuta.

3. Nunua kitu ambacho betri yake inatoka na inapatikana hapa. Uliza pia kinachajiwa kwa waya gani.

4. Kadi mpya ijaribiwe dukani mpaka wimbo wa mwisho, ndipo ulipe.

5. Sauti zilizorekodiwa na simu za zamani zikinyamaza, usikate tamaa. Pengine zinahitaji kugeuzwa kuwa MP3 tu.

6. Masikio ya mtoto hayana spea. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya ekuteri isizidi asilimia 60 ya nguvu yake. Sisi tuna kipimo chetu: ukimwita kutoka hatua moja asikusikie, apunguze. Na usiku anachomoa, analala.

Mwenye kadi iliyonyamaza aje atuulize, tuko pale pale jirani na bomba la maji. Kumtengenezea hatuwezi, ila tutamwelekeza Buyenzi. Na kama atatukuta jioni, akae kidogo asikilize kwaya ya Mulongwe. Nyimbo ziko nane, na ile moja inakatika katikati. Tumeshazoea kuimalizia wenyewe.